MTOTO ALIYEACHWA NYUMA DARASANI

(Maneno aliyoyasema mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa tawi)



Katika chama twasema sana juu ya mishahara, na ni haki. Lakini fungu kubwa la mshahara huo laenda shule. Basi yafaa tuulize kama watoto wetu wanapata kile tulicholipia.

Kila mtu wa reli ajua kwamba behewa lililoachwa stesheni ya nyuma halifiki kwa kuongeza mwendo wa gari la moshi lililokwisha kwenda. Lazima injini iende pale lilipo, ilifunge, ndipo livutwe. Mtoto naye ni vivyo hivyo. Yuko darasa la tano, lakini kusoma kwake kulisimama darasa la pili. Mwalimu ana watoto wengi, na kitabu lazima kiishe. Nyumbani twamwita mvivu, naye aamini.

Mwaka 2003 serikali iliondoa karo ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia. Hilo lilikuwa jambo jema sana. Lakini madarasa yalijaa, na mtoto aliye nyuma akazidi kufichika.

Wengi wetu dawa yetu ni tuisheni ya kulipia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliikataza ile ya likizo, kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Hata tukiacha sheria, tazameni faida yake: mtoto asiyefahamu ukurasa asubuhi hupewa ukurasa ule ule jioni, kwa fedha.

Iko njia nyingine, nayo imejaribiwa. Huko India, katika miji ya Mumbai na Vadodara, kati ya miaka 2001 na 2003, wasichana wa mitaa ile ile waliwachukua watoto wa darasa la tatu na la nne walioachwa nyuma, kama 15 au 20 pamoja, saa mbili kila siku, wakati wa shule. Waliwafundisha kusoma na hesabu za mwanzo tu. Watoto wakaendelea.

Hapa kwetu, Magharibi ya Kenya, tangu mwaka 2005, shule 121 zilipewa mwalimu wa pili wa darasa la kwanza, na darasa likagawanywa mara mbili. Nusu ya shule ziligawanya kwa bahati, nusu kwa kadiri ya maarifa ya watoto. Baada ya miezi 18, shule za namna ya pili zilishinda, na waliofaidika ni watoto wa juu na wa chini pia, kwa kuwa mwalimu alianzia pale walipo watoto wake.

Lakini ndugu, tusifiche jambo. Walimu wale wa mkataba walilipwa karibu robo tu ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Sisi wa chama hatuwezi kumsaidia mtoto wetu kwa kumnyima mfanya kazi mwenzetu.

Wengine watasema kundi la chini ni aibu. Aibu ni kumaliza shule hujui kusoma karatasi yako ya mshahara.

Kwa hiyo naomba mambo matatu:

1. Usiku wa leo kila mzazi ampe mtoto wake kitabu cha darasa la pili, asome ukurasa mmoja kwa sauti.

2. Wenzetu walio katika halmashauri za shule waombe saa moja kila siku, bila malipo, watoto wapangwe kwa wanachojua, si kwa umri. Tena wapimwe kila muhula, asifungiwe mtoto kundi la chini daima.

3. Chama kisimame pamoja na walimu, ili mwalimu wa ziada apate mshahara kamili.

Bwana Mwenyekiti, naomba yapigiwe kura.