Chombo Kikiharibika: Kitengenezwe au Kinunuliwe Kipya?

(Hotuba ya mwanachama mmoja katika mkutano wa Chama)



Najua wengine mlitazamia habari za mishahara. Mimi nitasema juu ya mahali mshahara unapopotelea, yaani jikoni.

Mke wangu aliniambia kuwa tangi la jiko letu la pampu linavuja mafuta ya taa katika mshono. Ilikuwa tarehe 20, nanyi mwajua mfuko wa karani unavyokuwa tarehe hiyo. Nikalipeleka kwa fundi bati. Fundi akasema, “Bwana, hili ni la kutupa.” Nikamsihi, akatia lehemu, nami nikarudi nikijisifu kuwa nimeokoa fedha. Siku ya tatu lehemu iliachia, mafuta yakaruka na kushika moto, mke wangu akaungua mkono wa kuume tangu kiwiko hata vidole. Fedha niliyookoa ilikwisha kwa dawa, na kovu lipo.

Lehemu ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye joto la digrii 183 hivi za Sentigredi, na tangi lile hushindiliwa hewa na kukaa chini ya moto. Kama ingalikuwa ngozi ya pampu iliyokauka, ningalibadili ngozi, na jiko lingalitumika miaka mingine. Ngozi, utambi na kioo cha taa viliwekwa vichakae, ili mwili wa chombo udumu. Lakini mwili wenyewe unaozuia mafuta na hewa ukipasuka, chombo kimekwisha.

Basi sasa birika lililolegea mkono nalipeleka likapigiwe ribiti bila wasiwasi. Sufuria iliyotoboka kitako siitii lehemu ya risasi, maana risasi ni sumu ikiingia katika chakula, na huwadhuru watoto zaidi. Ndoo yetu iliyotoboka imepandwa mchicha. Ama kiti na mwavuli, jaribuni mpendavyo. Fundi akikosea, mtaanguka au mtalowa tu.

Bwana Mwenyekiti, naomba Kamati ifikiri kutenga fungu dogo la kukopesha wanachama katikati ya mwezi, kwa vyombo vya moto peke yake. Fundi alikwisha kunionya, nami nilimsikia. Jiko jipya ningaliweza kulilipa siku kumi baadaye.