Chakula Kinachoweza Kumsubiri Mgeni

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za sharika na wafadhili, wakati wa Majilio. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)



Mmezoea kuniona hapa na taarifa ya visima, mbuzi wa maziwa na marejesho ya mikopo. Leo nimeombwa niseme juu ya chakula na vinywaji vya Krismasi nyumbani, na nimewaona baadhi ya wazee wakitabasamu, kana kwamba mratibu ameishiwa miradi. Naomba mnivumilie. Jambo hili limewahi kunigharimu kuliko kisima chochote kilichokosa maji.

Wageni wetu wa mbali pengine hawajui Desemba ya Kilimanjaro ilivyo. Mtu aliyehamia Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya miaka thelathini iliyopita bado anasema “naenda nyumbani” akimaanisha kihamba cha baba yake. Mabasi yanajaa, na tangu treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporejea Desemba 2019, nayo inajaa. Nyumba yenye watu wanne mwezi Novemba inakuwa na watu ishirini na tano. Na hao ni wa kulala tu. Siku yenyewe ya sikukuu hakuna anayealikwa kwa saa. Mmoja anapita baada ya ibada ya kwanza, mwingine saa kumi jioni akitoka kwa wajomba, mwingine gari limemharibikia Same anafika usiku. Wote wanastahili sahani, na mama wa nyumba anajua kwamba akikosa cha kumpa mmoja, habari itafika Arusha kabla ya mwaka mpya.

Hapo ndipo shida inapozaliwa. Tunapika mapema, tunapika kingi, tunafunika, tunasubiri.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka 2014, nyumbani kwa mama mkwe wangu, Marangu ya juu. Tulitarajia watu zaidi ya hamsini. Ili tuwahi ibada, tulipika pilau usiku wa tarehe 24 katika sufuria moja kubwa ya kukodi, kilo sita za mchele na nyama yake. Ilipoiva saa tano usiku tuliifunika, tukaipalia makaa juu ya mfuniko, tukaenda kulala. Makaa yalizimika kabla jogoo hajawika. Wageni walikaa mezani saa nane mchana. Tuliipasha moto, ikafuka mvuke, ikanukia iliki na mdalasini, watu wakasifu.

Jua halijazama, watoto wakaanza kutapika. Wakafuata watu wazima. Mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka minne, ndiye aliyezidiwa. Tulimbeba usiku hadi zahanati, akatundikiwa dripu, na alfajiri akafumbua macho akaomba maji.

Lakini dripu siyo iliyobaki moyoni mwangu. Ni maneno ya usiku ule uani. Kulikuwa na mama jirani aliyekuja kutusaidia tangu mchana wa tarehe 24, kuchambua mchele na kumenya vitunguu saumu, kama alivyofanya kila mwaka. Wifi yangu akauliza, “Hivi nani na nani walishika kile chakula?” Hakuna aliyejibu. Macho yaligeuka tu upande wa ile nyumba ya jirani. Kufikia mwaka mpya ilikuwa imekwisha kusemwa kwamba tumelishwa kitu. Mimi mwenye shahada, mimi ninayezunguka na semina, nilinyamaza, kwa sababu mpishi mkuu wa pilau ile nilikuwa mimi.

Baadaye, katika mafunzo ya usafi wa chakula, mwezeshaji alieleza habari ya wali uliolala, nikajisikia kama ananitaja jina. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, anayekaa katika udongo na hivyo kwenye nafaka. Anaacha vijimbegu visivyokufa kwa kuchemshwa. Wali ukibaki vuguvugu kwa saa nyingi, vijimbegu vinaamka, vinaongezeka na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki kwa kupasha moto. Mtu hutapika ndani ya saa moja hadi sita. Sufuria kubwa yenye kina ndiyo mbaya zaidi, kwa maana katikati yake hukaa vuguvugu usiku kucha. Makaa yetu yale juu ya mfuniko yalikuwa yanawatunza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 kanuni tano za chakula salama. Ile ya joto ndiyo tunayoivunja sana siku za sikukuu. Vijidudu huongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi, na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wengi wetu hatuna friji, na mwenye nayo ameijaza soda. Basi tusiseme juu ya friji. Tuseme juu ya kuchagua chakula kinachoweza kumsubiri mgeni, na kile kisichoweza kupikwa mgeni akionekana.

Pilau haisubiri, lakini maandalizi yake yanasubiri. Tarehe 24 chambua mchele, twanga vitunguu saumu na tangawizi, pima bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, weka kwenye kopo. Asubuhi ya sikukuu chemsha nyama hadi ilainike, kaanga vitunguu maji hadi viwe vya kahawia hasa (hapa ndipo rangi ya pilau inapotoka, siyo kwenye bizari ya manjano kama wengine wanavyodhani), tia viungo, nyama na supu yake. Sasa una supu ya pilau inayochemka pole pole kwenye jiko. Hiyo inaweza kukaa motoni saa nyingi mradi inatokota. Wageni kumi wakifika, teka supu yao kwenye sufuria ndogo, vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha mchele, na kwa nusu saa wanakula. Kilo moja inatosha watu wanane hadi kumi kama kuna vyakula vingine. Wageni wa jioni watapikiwa yao. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 unafaa sana hapa, na anayetumia kuni ajue kwamba sufuria ndogo tatu kwa zamu zinakula kuni zaidi ya moja kubwa. Ni kweli, na mimi nakubali gharama hiyo.

Machalari na mtori ni wavumilivu zaidi, na nadhani bibi zetu walijua walichokuwa wanafanya. Nyama inatangulia motoni, ndizi mshare zinamenywa na kulowekwa kwenye maji zisiwe nyeusi, zinaingia baadaye na vitunguu na nyanya. Chungu kinabaki kwenye mafiga kikitokota, kinaongezewa ndizi kadiri watu wanavyoongezeka. Ndizi zenyewe ziko kihambani, hazina nauli. Nashangaa nyumba zenye migomba nyuma ya jiko zinapoona aibu kumpa mgeni wa Dar es Salaam machalari, zikakopa kununua mchele. Mgeni yule mchele anakula mwaka mzima. Alichotamani kwenye basi ni mshare.

Kachumbari ikatwe wakati sahani zinapangwa. Maembe na mananasi yamenywe mezani, mbele ya mgeni, kwa kisu kilichooshwa, siyo kile kilichokata nyama mbichi. Vitu vikavu vinaweza kusubiri hata siku tatu: kashata, visheti, karanga za kukaanga zilizochaguliwa vizuri, zenye ukungu zitupwe bila huruma. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, zinapalia.

Kuhusu nyama nitasema kifupi. Mbuzi wa sikukuu akichinjwa nyumbani, afisa mifugo aitwe kumkagua kabla na baada ya kuchinjwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, hata kama ni tarehe 25 na hakuna mwingine. Kimeta kimewahi kuua watu katika mikoa yetu hii ya kaskazini, tena watu waliomwonea huruma ng'ombe asipotee bure. Na kisusio, wazee wangu, kichemke hadi damu iive kabisa, kinywewe kikiwa moto. Sijasema kiachwe.

Sasa vinywaji. Nikizungumza Kilimanjaro bila kutaja mbege mtasema mratibu anajificha. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa, zikachujwa, ukatiwa uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu. Ni kinywaji chenye kilevi na kila usharika una msimamo wake, sitaingia humo. Naomba mambo mawili tu. Asipewe mtoto kwenye kata “aonje”, wala mama mjamzito. Na dereva aliyewaleta watu kutoka mbali asibembelezwe kwamba asipokunywa amewadharau wazee. Tukimpenda tutamnyima.

Kwa wengine wote iko togwa, tuliyofundishwa na ndugu zetu wa Songea na Njombe walioolewa huku. Uji wa mahindi unapikwa ukaiva, unaachwa upoe hadi vuguvugu, unakorogwa na unga wa kimea cha ulezi, unafunikwa usiku mmoja. Asubuhi umekuwa mwepesi, mtamu wenye uchachu kidogo, bila sukari ya dukani. Unywewe siku hiyo. Ukiendelea kukaa unaelekea kuwa pombe.

Rozela na ukwaju ni rafiki wa mwenye wageni wa saa zote. Chemsha rozela kavu na tangawizi na karafuu chache, chuja, weka ikiwa nzito kwenye chupa zilizosafishwa kwa maji ya moto. Mgeni akija unazimua kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Barafu ya kununua mtaani mimi situmii, sijui maji yake yalitoka wapi. Sukari iwekwe mezani, kila mtu atie yake. Nyumba nyingi zina mzee mwenye kisukari ambaye siku ya sikukuu anaona aibu kukataa glasi iliyokwisha kutiwa sukari.

Kamati mnisikilize na hapa. VICOBA vingi vinagawana fedha mwezi huu wa Desemba. Mama anapokea akiba ya mwaka mzima wiki mbili kabla ya Krismasi, na Januari anakuja ofisini kwetu kuomba mkopo wa sare. Ni kweli ada iliondolewa shule za serikali hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini madaftari, viatu na nauli ya bweni havikuondolewa. Nimeona familia ikinunua kreti tano za soda kwa fedha ya viatu vya watoto watatu. Siku ya kugawana, mweka hazina na aulize kila mwanachama, “Ya Januari umeitenga?” kabla hajahesabu noti. Wengine watanuna. Wanune.

Wafadhili wetu, mkialikwa katika nyumba hizi, kuleni kidogo kidogo na polepole. Sahani ikiisha upesi inajazwa tena, na mtakuja kuniuliza kama mlifanya kosa.

Narudi kwa mama jirani. Ilinichukua miaka miwili. Mwaka 2016, siku chache kabla ya Krismasi, niliwaeleza mama mkwe na wifi zangu, mbele ya watu wote wa nyumba, kwamba ilikuwa pilau iliyolala na kwamba niliipika mimi. Kisha nikaenda kwake. Alinisikiliza huku anapukuchua maharage. Alipomaliza debe akasema, “Mama, miaka miwili sijala kwenu, na hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini.” Sikuwa na jibu. Mwaka ule hakuja, wala uliofuata.

Krismasi iliyopita alikuja. Alifika saa kumi na moja jioni, wengi wameshakula na vyombo vinaoshwa, amebeba mkungu wa mshare kichwani. Mama mkwe akainuka mwenyewe kumpokea. Mchele wake ulikuwa bado mkavu kwenye ungo, supu inatokota. Akauchambua mwenyewe, akanikabidhi, nikautia.