Saumu Katika Chumba cha Lojingi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.t.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Leo nataka tuzungumze juu ya kulala lojingi. Usicheke. Kama wewe ni kijana wa chuo, iko siku utalala huko. Utatumwa kukusanya habari za utafiti, utaitwa mahojiano ya kazi, au gari litakuharibikia njiani usiku. Utapewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha ubao, kitanda kimoja, meza ndogo, ndoo na patipati zilizochakaa. Hapo hakuna mama wa kukuamsha daku, wala jirani wa kukuuliza mbona hukuonekana tarawehe. Ukishafunga mlango, mmebaki wewe na Mola wako.

Nitakupa kisa changu mwenyewe, na sikisimulii kwa kujisifu.

Mwezi wa Ramadhani nilitumwa na chuo Mitunguu kwa wiki moja, kuongea na wakulima wa ndizi. Kwa asiyepajua, Mitunguu iko Imenti Kusini, unateremka kutoka Nkubu. Kuna joto kuliko Meru mjini, mashamba yananyweshwa kwa maji ya mabomba, na siku ya soko ndizi zinapakiwa kwenye malori mpaka unashangaa zinatoka wapi zote hizo. Nilitoka Nairobi asubuhi nikiwa nimefunga, nikafika Magharibi imeshaingia. Nikapata chumba katika lojingi moja karibu na stendi.

Mzee aliyekuwa akishika funguo alikuwa Mkristo. Nikamwambia, "Mzee, mimi niko kwenye mfungo. Naweza kupata maji moto na chai saa kumi usiku?" Akasema, "Hakuna shida, kijana. Nitakugongea." Na kweli, saa kumi kamili, ngo ngo ngo! Chupa ya chai iko mlangoni na ndoo ya maji yanatoa mvuke.

Siku ya pili jua lilikuwa kali. Nimetembea mashambani tangu asubuhi, koo limekauka. Basi nafsi ikaanza kunong'ona: wewe si msafiri? Si Allah mwenyewe katika Suratul Baqara amemruhusu msafiri kula, kisha alipe siku nyingine? Na hapa nani anakujua? Nikaingia hotelini nikala. Kesho yake nikala tena. Siku ya nne nilikuwa nimeshazoea. Niliketi karibu na mlango kabisa, na sahani ya chapati na maharagwe.

Mara yule mzee akaingia kununua maziwa. Akaniona, nami nikamwona. Hakusema neno, akalipa akaenda zake.

Usiku ule nililala nikijua sitagongewa. Saa kumi kamili, ngo ngo ngo! Nikafungua mlango kwa haya. Nikamwambia, "Mzee, si uliniona mchana nikila?" Akajibu, "Nilikuona. Nikafikiri labda umeugua. Lakini hukuniambia niache kuleta."

Wallahi, maneno yale yaliniingia kuliko mawaidha mengi niliyowahi kusikia. Mtu ambaye hafungi alikuwa akikatiza usingizi wake kwa ajili ya saumu yangu, nami mwenyewe nimeitupa. Yeye alishika ahadi aliyonipa mimi, mgeni wa siku saba. Mimi nilikuwa na ahadi na nani?

Nilikunywa chai ile nikatia nia, nikafunga mpaka siku ya kuondoka. Niliporudi nikamwendea ustadhi wangu nikamweleza yote. Akanifafanulia, nawe yashike.

Kwanza, ruhusa ya msafiri ni ya kweli, ni zawadi ya Allah, na hatumlaumu anayeitumia. Lakini ina mipaka yake. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, safari iwe ndefu, kama kilomita 81 hivi na zaidi. Mtu wa Meru mjini anayeshuka Mitunguu kwa shughuli zake si msafiri wa kula mchana.

Pili, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, basi ukifika tu hukumu ya safari imekwisha. Unafunga na unasali kamili kama wenyeji. Mimi nilinuia wiki nzima! Najua Mahanafi wanasema siku 15, nao ni maimamu wetu. Lakini je, mimi nilimuuliza mwanachuoni yeyote? Hapana. Tumbo ndilo lililonipa fatwa.

Tatu, hata pale ruhusa inapokuwepo, ikiwa saumu haikudhuru, kufunga ni bora kwetu Mashafi. Mimi ilinibidi nitubu na kulipa siku zangu tatu, na alhamdulillah nimezilipa.

Sasa tuje kwenye chumba chenyewe. Ukiingia, jikinge kwa ile dua ya kushukia mahali aliyotufundisha Mtume (s.a.w.), ya kuomba hifadhi kwa maneno ya Allah yaliyotimia. Kabla ya kulala, kung'uta kitanda, kwani hujui kilichopita juu yake. Hiyo ni sunna, na mtu wa lojingi ndiye anayeihitaji zaidi! Beba mswala wako na kopo la kutawadhia. Kibla usibahatishe. Mitunguu, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Asubuhi mawingu yakiachia, uweke Mlima Kenya mkono wako wa kushoto, na jua linalochomoza liwe kulia, umeelekea. Na ukiona lojingi iko juu ya baa, kama una uwezo tafuta nyingine, hata ukiongeza shilingi kidogo. Ukiondoka, usiache maganda chini ya kitanda. Mwenye kufagia naye ana haki yake kwako.

Labda unasema, mimi sitaishia Mitunguu, mimi nitakwenda mbali. Inshallah. Tangu chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja kianzishwe mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, Wakenya wengi wamekwenda kusoma huko. Nawe ukifika, utalala katika zile hoteli zao za wasafiri wa kikazi. Chumba chembamba lakini safi, kila kitu mahali pake, na choo kinakurushia maji chenyewe, istinjaa imekuwa rahisi. Lakini utauliza kama kwenye chakula hamna nguruwe au pombe ya mchele. Kibla utakitafuta upande wa magharibi kuelekea kaskazini. Na mwezi wa Juni pale Tokyo alfajiri inaingia kabla ya saa tisa usiku. Nani atakugongea daku? Hakuna mzee wa Mitunguu kule. Kama hukuzoea kujigongea mwenyewe hapa nyumbani, usitegemee kuanza ugenini.

Nanyi wazazi, mnapomfungia mtoto begi la safari, msiulize tu kama ametia sweta. Muulizeni, "Mwanangu, unajua hukumu za msafiri?" Mimi nilizisoma madrasa, nikapasi mtihani wake vizuri tu, na bado nafsi ilinishinda kwa sahani ya maharagwe. Je, yule asiyezijua kabisa?

Ewe Mola wetu, tukubalie saumu zetu, tusamehe tulizozivunja, tupe nguvu ya kulipa madeni yetu kabla hayajatufika mauti. Na yule mzee aliyenigongea mlango, mlipe wema wake na umwongoze kwenye kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.