Mitaro ya Hananasif
Wasikilizaji, leo tupo Hananasif, Kinondoni, Dar es Salaam, mtaa uliojengwa bila ramani kando ya bonde la Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha, maji yalikuwa yakiingia hadi vyumbani. Miaka ya 1990 wakazi waliunda kamati yao, wakashika majembe na sururu, wake kwa waume, wakachimba mitaro na kutengeneza barabara kwa ujira. Serikali na Shirika la Kazi Duniani waliwaunga mkono. Ninachokipenda zaidi ni hiki: sehemu ya fedha za ujenzi iliingia mifukoni mwa wakazi wenyewe, na ujuzi ukabaki. Ila mtaro hujaa mchanga na taka. Mtaani kwenu, nani huuzibua kabla ya masika? Ulizeni swali hilo kwenye mkutano wa mtaa.