Jicho la Wavu Darasani: Jiometria ya Ufukweni Rumonge



Marekani wapo walimu wanaofundisha jiometria kwa blanketi za viraka. Mtoto anakata kitambaa, anaunganisha pembetatu na mraba, anashona. Sisi walimu wa Rumonge, Minago na Nyanza-Lac, hapa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, kiraka chetu kiko kwenye wavu. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa za wavuvi hazivuti ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mitumbwi hupumzika, na nyavu hutandazwa mchangani zishonwe. Siku hizo ndizo ninazoomba tuzitumie.

Darasani tunasema losange, na mwanafunzi anakariri maana yake kwa Kifaransa: umbo la pande nne zilizo sawa. Mtoto huyohuyo jana jioni alishika sindano ya nyavu akimsaidia baba yake kuziba tundu, na vidole vyake vikafunga losange moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemwambia kwamba ni kitu kimoja. Hapo tumekosea, na tumekosea muda mrefu.

Wavu wa ndagala una macho madogo mno kupimika vizuri kwa rula, kwa hiyo tufume wetu wa uzi mnene. Kibao cha kufumia chenye upana wa sentimita 5 kitatupa macho ambayo kila upande una sentimita 5. Tufume macho 20 kwa safu. Safu hiyo ikivutwa hadi macho yafumbe kabisa, ina sentimita 200. Sasa tuifunge kwenye kamba ya sentimita 120, kila jicho lipate nafasi ya sentimita 6. Jicho linafunguka. Upana ni 6, nusu yake 3; upande wa jicho ni 5; basi kwa kanuni ya Pythagoras nusu ya kimo ni 4, na kimo chote 8. Mwanafunzi akipima kwa rula ataikuta hiyo 8 mwenyewe, kabla hatujamwandikia chochote ubaoni. Eneo ni sentimita za mraba 24.

Turefushe kamba iwe sentimita 160. Upana unakuwa 8, kimo kinashuka hadi 6, eneo ni 24 tena. Tuifupishe iwe 100, eneo linapungua hadi chini ya 22. Kwenye kamba ya sentimita 141 hivi jicho linakuwa mraba na eneo linafika 25. Zaidi ya hapo halipandi. Muda wote huo mzingo wa jicho ni sentimita 20, haujaongezeka wala kupungua. Wanafunzi wengi huamini kwamba maumbo yenye mzingo sawa lazima yawe na eneo sawa. Uzi huu unawasahihisha bila mabishano.

Mvuvi anaijua hesabu hii kwa mkono. Wavu wa kutega huufunga kwenye kamba iliyo karibu nusu ya urefu wa wavu uliovutwa, ili uning'inie kwa ulegevu na kumnasa samaki.

Na kiraka? Kabla ya kuziba, fundi hukata kwanza, jambo linalomshangaza asiyejua. Fundo zima lina miguu minne ya uzi. Fundi huanzia kwenye fundo lenye miguu mitatu, hupunguza mafundo ya ukingoni yabaki na miguu miwili, na humalizia kwenye lingine lenye mitatu. Akikosea hesabu hiyo, macho hayakutani. Huo ni mpangilio wa hisabati, na hatuna sababu ya kuuita kitu kingine.

Paulus Gerdes, aliyefundisha hisabati Msumbiji na kufariki mwaka 2014, alitetea jambo hili maishani mwake: aliyebuni mbinu ya kusuka alikuwa akifikiri kihisabati. Yeye alisoma vikapu na mitego ya samaki yenye matundu ya pembe sita. Sisi tusome nyavu zetu.

Ombi langu ni dogo. Tumwalike fundi wa nyavu darasani, naye apewe heshima ya mwalimu. Maneno yake, ya Kiswahili na ya Kirundi, yaandikwe ubaoni kando ya yale ya Kifaransa, kwa sababu mtihani bado utauliza losange. Mbalamwezi ijayo, kila mmoja wetu apeleke wanafunzi wake ufukweni wakiwa na rula, daftari, wavu wetu wa uzi mnene na mita mbili za kamba.