Vitamu vya Ufilipino: Mkopo Upi Hujenga, Upi Hubomoa?



Nawaomba leo tujifunze kutoka Ufilipino. Huko kuna vitamu vya asili viitwavyo kakanin, jina litokanalo na kanin, yaani wali. Hupikwa kwa mchele, mara nyingi ule unaonata, pamoja na tui la nazi na sukari. Kimojawapo ni bibingka, ndugu wa mkate wetu wa kumimina: hutandikiwa jani la mgomba na kuokwa kwa makaa juu na chini.

Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, Wakatoliki wa huko husali misa tisa za alfajiri, Simbang Gabi. Wakitoka kanisani hukuta bibingka za moto zikiwangoja. Kwa familia inayouza, haya ni mavuno makubwa.

Lakini mchele na nazi hununuliwa kabla ya mauzo. Asiye na akiba hukimbilia mkopo wa mtaani uitwao "tano-sita": unakopa peso 5, unarudisha 6. Tuseme mama amekopa peso 5,000. Atarudisha 6,000. Kama kila bibingka inamwachia faida ya peso 10, basi bibingka 100 za kwanza amempikia mkopeshaji, si watoto wake.

Njia nyingine ipo. Mwaka 1986, mjini San Pablo, Jaime Aristotle Alip na wenzake walianzisha shirika la CARD kwa peso 20 tu, ili kuwainua wanawake maskini wa vijijini. Mwaka 1997 lilifungua benki yake.

Hata hivyo, mkopo nafuu peke yake hautoshi. Chakula cha tui huchacha upesi. Kwa hiyo kukua si kununua sufuria kubwa zaidi, bali ni kupata oda za uhakika baada ya Krismasi: ubatizo, arusi, shule. Tena daftari liwepo, na ujira wa binti anayekuna nazi uandikwe humo. Bila hivyo, familia itaita faida kile ambacho ni jasho lake lisilolipwa.

Basi, tunapokaa kugawa fedha za miradi, tujiulize maswali mawili. Je, fedha hii itamfikia mama kabla hajaenda sokoni kununua mchele? Na je, itarudi, ili jirani yake naye akope?