Mawe, Maziwa na Hadithi za Bibi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, nyinyi mlioko Dutwa na pande zote za Bariadi, Usukuma ni nchi ya mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Mtoto akiuliza ni nani aliyeyapanga, bibi ana hadithi ya kumjibu. Wako wanafunzi wetu ambao hurudi chuoni wakamkatiza kwa ukali, wakisema huo ni ushirikina. Leo tunataka kusema nao.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, karibu na Kendu Bay, liko ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Wajaluo husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu wakiwa katika karamu, alikuja kikongwe mwenye njaa, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea, akampa chakula na pahali pa kupumzika. Kikongwe akamwambia ahame upesi, kisha maji yakakifunika kijiji pamoja na watu wake.

Wataalamu wa ardhi wanasema shimo lile lilifanywa na mlipuko wa volkeno. Nasi twakubali. Mawe ya Usukuma nayo ni graniti, iliyopoa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, hata mvua na upepo vikauondoa udongo uliokuwa juu yake. Lakini bibi hakukusudia kufundisha habari za volkeno. Alifundisha haki ya mgeni, ambayo Mtume (S.A.W.) ameifungamanisha na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Basi mwanafunzi anamkatiza kwa lipi?

Mpaka uko pengine. Apelekaye kuku chini ya jiwe ili apate mvua au mtoto, huyo ameuvuka, na hatuoni haya kumwambia. Sayyidna Umar alipolibusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba, alitangaza mbele ya watu kuwa lile ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi. Ikiwa la Makka ndivyo lilivyo, seuze la kilimani kwetu!

Enyi vijana, mwacheni bibi amalize. Kisha mwulizeni kwa adabu: yule mwanamke alimwandalia mgeni wake chakula gani?

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi nanyi.